Uzito wa Taifa

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani niliyoonyeshwa shuleni, na shule yenyewe nilisoma miaka saba tu, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akiona inafanana na anapoishi yeye, hiyo ni bahati yake mbaya, mimi simo. Naeleza nilichokiona na nilichokisikia, na nitaeleza polepole, maana haraka sina.

Katika nchi hiyo mkuu wa nchi aliitwa Mbeba-Nchi. Si jina alilopewa na baba yake. Bunge ndilo lililompa, baada ya mjadala wa siku nne ambao wabunge wote walikuwa upande mmoja. Alikuwa mtu mnene, na unene wake ulikuwa fahari ya kila mtu, kwa sababu tuliambiwa nchi nzima ameibeba yeye, na mtu hawezi kubeba nchi kwa mwili kama wa panzi.

Sasa, mwaka mmoja hospitali kuu ikapata mashine arobaini za dripu. Niwaeleze wasiozijua. Ni kasha la ukubwa wa redio ya mezani, limefungwa kwenye mti wa chuma wenye magurudumu manne, na moja kati ya hayo manne kwa kawaida halizunguki. Juu unaning'inia mfuko wa dawa. Mpira unashuka kutoka kwenye mfuko, unapita ndani ya kasha, unatokea chini na kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa. Zamani nesi alihesabu matone kwa macho. Mashine hii inahesabu yenyewe, ila lazima kwanza iambiwe mgonjwa ana kilo ngapi, ndipo ijue impe dawa kiasi gani. Mwenye kilo nyingi anapata nyingi, mwenye chache anapata kidogo. Akili yake yote ni hiyo, na mimi naona ni akili ya kutosha.

Siku ya uzinduzi sikuwepo, lakini uzinduzi ulirudiwa redioni mwezi mzima, kwa hiyo naujua kuliko walioalikwa. Mtaalamu wa kigeni aliyekuja na mashine aliomba mtu yeyote apimwe uzito ili aonyeshe namna zinavyofanya kazi. Lakini Mbeba-Nchi akiwa amekaa pale, nani angethubutu kujiita mtu yeyote? Mizani ikaletwa, ikawekwa juu ya zulia jekundu. Mbeba-Nchi akapanda na koti lake zito, nishani zake kumi na tatu na rungu lake la fedha. Mshale ukaanza kusogea, mshereheshaji akawa anatangaza kilo moja baada ya nyingine, na kila kilo ikapigiwa makofi. Ukasimama kwenye mia moja kumi na nane. Bendi ikapiga wimbo wa taifa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya rungu.

Namba hiyo ikaingizwa kwenye mashine zote arobaini, na hapo ndipo Waziri wa Afya alipopata wazo. Akaagiza lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua za serikali, ikayeyushwa na kumiminwa juu ya vitufe vyote, akagonga mhuri wa nchi. Kisha akasimama kwenye kipaza sauti.

“Ndugu wananchi,” alisema, “katika nchi nyingine mgonjwa maskini hupimwa, akionekana mwepesi akapewa dawa ya watu wepesi. Huo ni ubaguzi. Kuanzia leo kila mwananchi atatibiwa kwa uzito wa Mbeba-Nchi mwenyewe. Katika nchi hii hakuna tena mgonjwa mdogo.”

Yule mtaalamu akaruka kwenye kiti, akapunga mikono, akajishika kichwa, akasema maneno mengi kwa lugha yake. Mkalimani akatangaza kwamba mgeni wetu amezidiwa na furaha. Alasiri ile ile akasindikizwa uwanja wa ndege, akiwa amepewa kinyago cha mpingo na picha ya mizani.

*

Wiki za mwanzo watu walikufa. Sisemi waliuawa na mashine. Nasema walikufa, na mashine zilikuwepo. Kwenye vyeti vyao, pale panapoulizwa sababu, paliandikwa “alielemewa na heshima”, na Waziri akaeleza kwamba wagonjwa wetu wamezoea mno dawa kidogo, ikija ya kutosha miili inashtuka. Baadaye, katika wodi ya wanawake, vifo vikakoma ghafla. Wizara ikasema mashine zimezoea hali ya hewa.

Basi hapo ndipo nilipoingia mimi na mwanangu Siwema.

Siwema ni mtoto wangu wa tatu, fundi cherehani, ana watoto wanne ambao siku hizo niliwaacha kwa jirani. Moyo wake ulianza kwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa miguu. Ukiweka kiganja kifuani kwake unausikia unagonga, unasita, unagonga mara mbili mbili. Daktari akasema kuna dawa ya kuutuliza, ila iingie kidogo kidogo kwa mashine, siku kumi au kumi na moja. Ikizidi, moyo utatulia kabisa. Nikamwuliza kutulia kabisa maana yake nini. Akaanza kuikagua kalamu yake.

Nesi wa wodi aliitwa Nyamizi, mwanamke wa makamo mwenye miguu iliyovimba, soksi zake nyeupe zimekunjwa mpaka kwenye kifundo. Alimpima Siwema pamoja na khanga yake, akapata kilo arobaini na moja. Nikaenda na kikaratasi chake kwa karani wa mapokezi. Karani akachukua fomu, nami nikaona pale panapoandikwa uzito pamekwisha kuchapwa kiwandani: kilo 118.

Nikamwambia kwa upole kwamba mgonjwa wangu ana arobaini na moja.

“Bibi,” akasema, akiangalia kwanza mlangoni, “hizo sabini na saba unataka kumpunguzia nani?”

Nikasema simpunguzii mtu, nasema tu mwanangu ni mwembamba. Akanishauri nisiliseme hilo kwa sauti, akagonga mhuri, na fomu ikaenda.

*

Siwema akalazwa kitanda cha saba, akafungwa mashine namba saba. Taa yake ya kijani ikawaka, na kwenye kioo chake kidogo, juu ya ile lakiri, niliiona namba imetulia: 118. Nikaanza kulia. Nesi Nyamizi akaja kutandika shuka. Nasema kutandika shuka, kwa sababu ukimwuliza hata leo atakwambia hivyo hivyo. Alichomekea pembe, akanyoosha kunyanzi, na alipofika karibu na mkono wangu akauchukua, akauingiza chini ya shuka, akavikutanisha vidole vyangu kwenye mpira, sehemu ya juu kabla haujaingia kwenye kasha, ambayo ilikuwa ndefu na imelegezwa mpaka kitandani, akaukunja.

“Funga arobaini,” akasema bila kuniangalia. “Achia ishirini. Usifike hamsini. Ikifika hamsini inalia.”

Akaenda kitanda kingine kutandika.

Nikageuza macho wodini, nikaelewa kwa nini vifo vilikoma. Kando ya kila kitanda alikaa mwanamke juu ya kigoda, mkono mmoja chini ya shuka, midomo inacheza. Mwanzoni nilidhani wanasali. Walikuwa wanahesabu. Mgonjwa wa kilo arobaini anahitaji theluthi ya dawa ya Mbeba-Nchi, kwa hiyo unafunga arobaini unaachia ishirini. Wa kilo hamsini na tisa, ambaye ni nusu yake kamili, unafunga thelathini unaachia thelathini. Walikuwa wameitana kwa hesabu zao, majina wameshayasahau. Kulikuwa na Mama Thelathini kitanda cha nane, Mama Kumi na Tano karibu na dirisha, ambaye mgonjwa wake alikuwa mpishi wa shule na mwili anao, na mimi nikawa Bibi Arobaini.

Huyo Mama Thelathini jina lake Mwanjaa, alikuwa akimwuguza dada yake. Ndiye aliyenifundisha mengine. Kwamba mtu akienda msalani, jirani anakaa katikati ya vitanda viwili na kushika mipira miwili, mkono wa kulia unahesabu thelathini, wa kushoto arobaini, na kichwa kinajifunza. Kwamba tunapokezana hivyo hivyo kulala. Kwamba kugusa mpira ni kosa, linaitwa kuchezea Uzito wa Taifa. Na kwamba mashine ikilia mara moja unapewa onyo, ikilia mara ya pili mwuguzaji anatolewa nje ya geti na harudi.

“Na mgonjwa?” nikauliza.

“Mgonjwa anabaki,” akasema Mwanjaa, “na mashine yake.”

*

Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Siku ya pili, Mwanjaa akinishikia, nikapanda kwa Bwana Mahimbo. Kwenye mlango wake paliandikwa Msimamizi Mkuu Msaidizi wa Lakiri, Wodi ya Wanawake na Maeneo ya Karibu. Ofisini mwake kulikuwa na mizani moja, picha ya mizani nyingine, na birika la chai.

Alinipokea vizuri, siwezi kumsema vibaya. Aliniita mama, akanipa kiti, akafurahi hata kunieleza kwamba utaratibu upo, wananchi ndio hawautumii. Kuna fomu ya Ombi la Kutofautiana na Uzito wa Taifa. Inatakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha mbili za mgonjwa, moja ya ubavuni, na mgonjwa mwenyewe afike pale ghorofa ya tatu, kwa miguu yake, apande mizani mbele ya mashahidi. Nikamweleza kwamba mgonjwa amefungwa kwenye mashine na hawezi hata kukaa. Akasema hilo linaeleweka, na kwamba mashine hairuhusiwi kupanda ngazi.

Akafikiri. Akasema njia nyingine ni kumrekebisha mgonjwa. Kuna Kitengo cha Kunenepesha, wanatoa uji wenye karanga, na mgonjwa akiongezeka kilo mbili kwa wiki anaufikia Uzito wa Taifa bila kuvunja lakiri ya mtu. Akapiga hesabu kwenye kipande cha gazeti, akapata wiki thelathini na nane na nusu. Nusu hiyo akaniahidi ataisamehe.

“Na hizo wiki zote dawa itaendelea kuingia kama ya mia moja kumi na nane?”

“Mama, ndiyo sababu tunahimiza wale haraka.”

Niliporudi nikamsimulia Mwanjaa. Akacheka kwa pua, maana kicheko cha mdomo kingemharibia hesabu. Akasema kilo sabini na saba za mwanangu mbona zinajulikana zilipo, zimekaa mbele ya mkanda wa mwenyewe, niende Ikulu nikaziombe. Nikamwambia anyamaze. Akasema yeye kwa kweli hana ubaya na Mbeba-Nchi, ila kama angepanda mizani bila rungu, dada yake angekuwa amepona zamani.

*

Siku ya nne Siwema alifumbua macho. Tangu tulazwe alikuwa akikoroma tu na kuguna. Akaniangalia kwa muda, akaniita, akaniuliza kama yule mdogo bado anakohoa. Jamani, nilisahau kila kitu. Nikaanza kumwambia kikohozi kimeisha, kwamba jirani kaniletea habari juzi kaiba sukari, kwamba kila jioni anauliza mama yake anarudi lini, na vidole vyangu vikabaki vimeufunga mpira hivyo hivyo, bila hesabu.

Mashine ikalia. Sauti yake si kubwa, ni kama ya kifaranga aliyekanyagwa, lakini wanawake wote wodini waliinamisha vichwa. Bwana Mahimbo akateremka kutoka ghorofa ya tatu na wasaidizi wawili na sanduku la lakiri. Akaichunguza mashine mbele na nyuma, akaipangusa kwa kitambaa, akamwuliza nesi imelia kwa sababu gani. Nesi Nyamizi akasema mgonjwa aligeuka. Bwana Mahimbo akaandika kwamba mashine imesononeshwa. Mimi nikapewa onyo la kwanza kwenye karatasi ya njano, nikatia sahihi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini ya shuka, tayari umefika kumi na sita.

Tangu siku hiyo mwanangu akawa anazungumza, na mimi siwezi kumjibu. Alieleza kwamba kifua kimepungua kugonga. Aliomba maji. Mara moja alisema, “Mama, mbona unaniangalia tu?”

“Ishirini na tatu,” nikamjibu. “Ishirini na nne.”

Akafikiri nimechanganyikiwa, akageukia ukutani akalia kimya kimya. Nilifika arobaini, nikaachia, na katika zile ishirini za kuachia nikamwelezea haraka haraka, lakini ishirini ni fupi, na mambo ya kueleza yalikuwa mengi. Nilimweleza kwa vipande, ishirini baada ya ishirini, mpaka jioni akaelewa. Alipoelewa akanigeukia. Akaanza kuhesabu pamoja nami, midomo tu.

*

Siku ya tisa ikaja Tume ya Usalama wa Mashine. Ilikuwa na wajumbe watano, mpiga picha na mtu wa kubeba viti. Mwenyekiti wake alikuwa balozi mstaafu ambaye hakuwahi kulazwa popote, na kwa hiyo, walisema, hana upande. Mjumbe mmoja tu alikuwa daktari, aliitwa Mbwilo, mwanamume mrefu aliyetembea nyuma ya wenzake akisoma kila kioo anachokipita. Alikuwa akisoma namba, kisha anamtazama mgonjwa, kisha anatazama sakafu.

Viti vikapangwa kando ya kitanda cha saba, kwa sababu kilikuwa karibu na feni. Mwenyekiti akatoa hotuba. Akasema usalama ni jambo la kila mmoja, akasema usalama hauji wenyewe, akasema serikali imejipanga. Mimi nilifika arobaini mara saba kabla hajasema neno lenye mashine. Mwishowe akaniinamia.

“Bibi yetu, tuambie bila woga. Mashine hii imemfanyia nini mwanao?”

Nawaambia ukweli, nilitaka kusema. Nilikuwa nimelipanga neno hilo siku tisa, lilikuwa mdomoni kama kokwa ya embe lenye nyuzi. Lakini nikiwaambia ni vidole vyangu, nitatolewa getini saa ile ile, na Siwema atabaki na mia moja kumi na nane. Nisipowaambia, wataandika kwamba mashine ni njema. Niliwaangalia wote watano. Hesabu ilikuwa thelathini na moja.

“Haijamfanyia kitu, mheshimiwa,” nikasema.

Mwenyekiti akamgeukia katibu, akamwambia aandike hivyo hivyo, kwa maneno ya mwananchi wa kawaida.

Wakati wanainuka, yule Daktari Mbwilo alibaki nyuma. Akainua upindo wa shuka kwa vidole viwili, akaona mkono wangu na mpira uliokunjwa. Nikafunga macho. Nilisikia anateremsha shuka na kuichomekea chini ya godoro, vizuri, kama Nesi Nyamizi mwenyewe.

“Kitanda hiki kimetandikwa vizuri,” akasema kwa sauti ya kusikika. Kisha akainama kama anayeokota kitu. “Usiache, mama.”

Akawafuata wenzake. Kwenye ripoti sahihi yake ilikuwa ya tatu kutoka juu. Niliiona gazetini, ina mkia mrefu.

*

Ripoti yenyewe ilisomwa redioni siku ya kumi. Tume ilijiridhisha kwamba kwa muda wa miezi mitatu hapajatokea kifo hata kimoja katika wodi ya wanawake, na kwa hiyo mashine ni salama kwa asilimia mia moja kumi na nane. Iliwapongeza wauguzaji kwa utulivu wao, hasa tabia yao nzuri ya kukaa na mikono ndani. Na ikapendekeza kwamba mashine sita zenye mwenendo bora zipelekwe wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, kwa kuwa hao ni wananchi wapya kabisa, wepesi kuliko wote, na ndio wanaohitaji uzito zaidi.

Wodini tuliisikiliza, mikono ndani. Midomo ilikuwa inacheza kama kawaida.

Siku ya kumi na moja daktari akamsikiliza Siwema kifuani, akasema moyo umeshika njia yake, akachomoa mpira. Vidole vyangu viwili havikunyooka, vilibaki vimekunjwa kama vimeshika sindano. Siwema akakaa, akala nusu ya ndizi. Nilimwangalia akitafuna, nikashukuru. Bado anatafuna ndizi ile, wakaja wasaidizi wa Bwana Mahimbo na utepe, wakaifunga mashine namba saba utepe wa rangi za taifa, maana ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya mwenendo bora. Bwana Mahimbo mwenyewe alisimama pembeni na cheti cha mashine, kimewekwa ndani ya kioo.

Sasa sikuwa na mtu kwenye mpira. Nikasimama, nikamwambia Bwana Mahimbo mbele ya watu kwamba mashine haikumponya mwanangu. Nikamwambia nilifunga arobaini na kuachia ishirini, siku kumi na moja, na kama nisingefanya hivyo angekuwa amekufa siku ya kwanza. Nikamwomba asiipeleke kwa watoto kabla haijaambiwa kilo zao. Nikamwonyesha vidole.

Akanisikiliza mpaka mwisho, alikuwa na adabu hiyo. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

“Mama, umechoka. Mashine imefanya kazi usiku na mchana, haijaomba hata maji, na leo imepata cheti chake. Wewe unataka kuinyang'anya sifa?”

Nikasema sitaki sifa, aulize wodi nzima. Akageuka akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama kuna aliyewahi kuona mtu akishika mpira. Nilimtazama Mwanjaa. Nilikuwa nimemshikia dada yake mara nisizoweza kuzihesabu, na yeye amenishikia Siwema.

Mwanjaa alikuwa kwenye kigoda chake, mkono wa kulia chini ya shuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti.

“Mimi sijaona mtu akishika kitu,” akasema.

Mama Kumi na Tano naye hakuona. Wa karibu na mlango hakuona. Walikwenda kitanda kwa kitanda, na kila aliyeulizwa hakuona, na kila aliyejibu alikuwa na mkono ndani. Siwalaumu. Siku mbili tu nyuma mimi nami sikuona. Bwana Mahimbo akanipa pole, akanishauri nikapumzike, na ile mashine ikasukumwa kwenda nje, gurudumu lake moja likiburuzika.

*

Tulipofungasha nikamwambia Siwema anisubiri kidogo, nikaifuata. Wodi ya watoto njiti ni chumba chenye joto, kina vitanda vidogo vya kioo kama makabati ya maandazi. Mashine namba saba ilikuwa imekwisha kufungwa. Mtoto aliyefungiwa nayo alikuwa wa kike, mweusi tii, nywele nyingi, mguu wake mzima ungekaa ndani ya kijiko cha chai. Mama yake, binti wa miaka kumi na tisa hivi aitwaye Hidaya, alikuwa amesimama na khanga ya kujifungulia bado kiunoni. Wanawake wa wodi yetu walikuwa wameshamtumia habari.

“Wanasema Bibi Arobaini ndiye anayejua,” akaniambia. “Mimi nifunge ngapi?”

Nikamwuliza mtoto ana kilo ngapi. Akasema moja. Nesi Nyamizi, aliyekuja nyuma yangu akichechemea, akatoa kalamu, akaandika kiganjani mwake mia moja kumi na nane, na chini yake akaandika moja. Tukaiangalia wote watatu. Haikuhitaji shule. Ni kufunga mia moja kumi na saba na kuachia moja, na mashine inalia hamsini.

Nesi Nyamizi akaipangusa namba kwa mate na upindo wa gauni lake. Akasema ana vitanda vya kutandika, lakini hakuondoka.

Nikaingiza vidole vyangu, ambavyo vilikuwa bado vimekunjwa, nikaubana ule mpira, mwembamba kuliko wa wakubwa. Nikahesabu. Nilipofika arobaini na tisa niliachia kwa muda wa kutamka moja tu, ambao ndio muda mfupi kuliko wowote vidole vinaoujua, nikabana tena. Niliona tone limeshuka. Lilikuwa tone moja la kawaida, lakini kwa kifua kile lilikuwa zaidi ya mara mbili ya haki yake, na lingefuata jingine, na jingine.

Hidaya aliniuliza kama hivyo inatosha. Nikamwambia haitoshi. Akaniuliza sasa afanye nini.

Nikamsogezea kigoda, akakaa.